Tandiko la Tatu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku kuwa sitara na usingizi kuwa pumziko la viwiliwili. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Juma hili tunaomba idhini ya wasomaji wetu, na hasa akina mama ambao ndio wafungaji wa mizigo katika kila nyumba, tuzungumzie godoro. Hatukusudii godoro la chumbani. Twakusudia lile la safari, linalokunjwa likawa bunda la kubebwa kwapani, na likifunguliwa likajijaza hewa lenyewe. Huenda mtu akasema kwamba sheikh amekosa la kuandika. Tunamwomba asubiri hadi mwisho, kwa kuwa kabla ya kulijua godoro hili tulipata aibu mbili, na zote mbili zilitupata Buna.

Buna iko kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, katika njia itokayo Moyale kuelekea Wajir mjini. Kwa anayetoka pwani kupitia Marsabit, ni Mombasa hadi Nairobi, Nairobi hadi Isiolo, kisha barabara ndefu ya kaskazini hadi Moyale, na hapo mtu hugeuka akateremkia kusini-mashariki. Wenyeji wa huko ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Ndimi zao ni Kisomali na Kiborana, dini yao ni Uislamu, na madhehebu yao ni ya Imamu Shafi kama yetu. Tunaye huko mwanafunzi wetu wa zamani. Alikuja pwani akiwa kijana mdogo, akasoma katika madrasa yetu miaka minane, kisha akarudi kwao kusomesha duksi. Miaka mitatu iliyopita alitualika, sisi na mama watoto, tukawaone watoto anaowafundisha.

Tulikwenda mwezi wa Julai, pepo za kusi zikivuma huku kwetu. Tulikuwa tumesikia kwamba kule ni nchi ya jua, tukafunga kanzu nyepesi, na kwa ushauri wa mama watoto tukaongeza mablanketi mawili mazito. Cha kutandika hatukubeba. Mtu wa pwani amezoea kukuta kitanda kila aendako, na akikosa kitanda atakuta mkeka na sakafu.

Mwanafunzi wetu alitupeleka kwenye kambi ya mifugo ya jamaa zake, nje ya mji. Mama yake, ambaye watoto wote pale humwita ayeyo, yaani bibi, alitupa nyumba yake. Ni nyumba ya duara, ya fito zilizopindwa zikafunikwa mikeka na ngozi, ambayo wanawake huisuka, huisimamisha, huivunja na kuipakia juu ya ngamia wakati wa kuhama. Ndani yake alitutandikia ngozi mbili za ng'ombe, na juu ya ngozi mkeka mnene. Tulilala usingizi wa watoto.

Usiku ule mbingu ilikuwa tupu na upepo ulikuwa mkali. Ardhi iliyotuchoma nyayo mchana ilikuwa imepoa kama mtungi. Kabla ya alfajiri mama watoto alitoka kwenda kutawadha. Akarudi haraka, akainama, akatuambia kwa sauti ya chini: "Sheikh, tumemlaza mwenyewe chini." Alikuwa amemkuta ayeyo kando ya jiko, juu ya gunia lililopasuliwa, amejikunja na shuka moja.

Asubuhi tuliomba radhi kupitia kwa mwanawe. Yule bibi alitutazama kama watu wanaouliza jua linatokea wapi. Alisema: "Mgeni ni wa Mungu. Na ngozi ni hizo mbili tu." Kisha akaenda kukamua ngamia.

Wazee wetu wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja, na mwenyeji akalala na baridi.

Iko hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.), ambamo Mtume (s.a.w.) ameyahesabu matandiko ya nyumba: la mume, la mke, na la tatu la mgeni, na lile linalozidi hapo akalinasibisha na shetani. Tumeisomesha hadithi hii mara nyingi, na kila mara tuliisomesha kwa ajili ya lile la nne, tukiwaonya watu na israfu. Asubuhi ile ndipo tulipoliona la tatu. Katika nyumba ile tandiko la tatu halikuwapo. Ayeyo alilitengeneza kwa kulitoa lake mwenyewe.

Mwaka uliofuata tuliazimia kwenda na hema letu na tandiko letu, tusimtoe mtu mahali pake. Nia ilikuwa njema, lakini nia njema haikutuzuia kununua vibaya. Dukani tuliona godoro la plastiki la kupuliza, nene kama kitanda cha bibi harusi, jepesi na rahisi. Tuliubonyeza unene wake kwa vidole, tukaridhika, tukalipa.

Njiani tulipumzika Marsabit. Mji ule uko juu mlimani, na kwa mtu wa pwani ukungu wake wa asubuhi ni kama uko nchi nyingine. Tuliweka hema katika uwanja wa mwenyeji mmoja, tukajilaza juu ya godoro letu la fahari, tukajifunika mablanketi yote mawili. Kufika saa nane za usiku, mgongo ulikuwa baridi kama uliolazwa juu ya samaki wa barafu, na kifua kilikuwa kinatoka jasho. Tuliligeuza blanketi moja tukalitandika chini, lisisaidie kitu. Mama watoto alikaa kitako akavuta uradi wake hadi adhana.

Sababu yake tulikuja kuielewa baadaye, na tunaieleza hapa kwa kuwa humo ndimo ilimo faida ya makala hii. Blanketi halina joto lake. Kazi yake ni kuizuia hewa iliyotulia baina ya nyuzi, na hewa hiyo ndiyo inayolinda joto la mwili. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa yote, na blanketi nene linabaki kitambaa tu. Ndiyo maana kinachokufunika hakiwezi kufanya kazi ya kinachokubeba. Ardhi nayo ni kubwa kuliko wewe, nayo itaendelea kukunyonya joto usiku kucha bila kushiba. Na godoro la hewa tupu halizuii jambo hilo, kwa sababu hewa iliyo ndani yake inatembea: ile iliyopata joto mgongoni mwako inazunguka, inagusa upande wa chini uliopoa, na inarudi baridi. Zaidi ya hayo, hewa ikipoa hunywea, na godoro lililokuwa gumu wakati wa isha huwa limelegea kabla ya alfajiri.

Tulifika Buna na uchovu wetu. Usiku wa kwanza tulivumilia. Usiku wa pili mwiba wa mgunga, mweupe na mrefu kama sindano ya kushonea magunia, ulipenya sakafu ya hema na ukalipenya godoro. Tulisikia pumzi yake ikitoka polepole, nasi tukashuka nayo hadi tukagusa udongo. Asubuhi ayeyo alikuja kutuamkia, akaliona lile ganda lililolala chini kama ngozi ya nyoka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Jioni alileta ngozi zake mbili akaziweka mlangoni mwa hema. Tulikataa. Alikataa kukataliwa. Hiyo ndiyo aibu ya pili, na ilikuwa chungu kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii tulikuwa tunajua ngozi zile zimetoka wapi.

Tuliporudi nyumbani mama watoto alisema neno moja tu: "Tusirudi kule mpaka tumejua tunachokinunua." Basi tulitafuta kujua, tukauliza vijana wanaopanda Mlima Kenya, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Godoro linalojijaza hewa lenyewe lina sponji ndani ya ganda lisilopitisha hewa, na kwenye pembe yake mna kilango cha kufungua na kufunga. Ukikifungua, sponji iliyokuwa imebanwa inatanuka na kuvuta hewa kama kifua kinavyovuta pumzi. Sponji ile inaigawanya hewa katika vyumba vidogo vidogo isiweze kuzunguka, na hapo ndipo joto linapohifadhiwa. Walioanza kuyatengeneza ni wahandisi wa Seattle, Marekani, waliokuwa wamepoteza kazi zao katika kiwanda cha ndege cha Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mmoja wao aliipata fikra hiyo kutokana na kipande cha sponji cha kupigia magoti bustanini.

Anayetaka kuchagua aangalie kwanza kipimo kiitwacho R, ambacho huandikwa kwenye kifurushi. Hicho hueleza jinsi godoro linavyolizuia joto lisishuke ardhini, na kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo linavyozuia zaidi. Tangu mwaka 2018 iko kanuni moja ya kukipima, ASTM F3340, ili kila mtengenezaji asijipimie kwa mizani yake. Kwa wastani, chini ya 2 ni la usiku wa joto. Baina ya 2 na 4 hufaa usiku wa baridi ya kiasi. Kuanzia 4 ni la mahali penye baridi hasa. Na kipimo hiki hujumlishwa: ukilaza tandiko moja juu ya jingine, R zao zinaongezeka pamoja. Tafadhali likumbukeni hilo la kujumlisha, tutalihitaji.

Pili ni unene, na hapa akina mama wana haki zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa wengi hulala kwa ubavu na nyonga zao ndizo zinazobeba uzito. Sentimita mbili na nusu humtosha kijana alalaye chali. Anayelala kwa ubavu, mja mzito, au mwenye maumivu ya viungo asishuke chini ya sentimita tano. Dalili yake ni kwamba nyonga isifike chini. Na hili halijulikani kwa vidole. Ni lazima mtu alale. Basi ilikuwa siku ya kichekesho pale dukani, sheikh mzima na kanzu yake amejilaza kwa ubavu wa kulia sakafuni, na mkono chini ya shavu kama ilivyo sunna, na kijana wa duka hajui acheke au aseme amin. Mama watoto yeye aliomba pazia, akalala nyuma yake, akatoka na jawabu: "Hili la kwanza ni zuri kwa macho. Lile la pili ni zuri kwa nyonga." Tukachukua la pili.

Tatu, ni bora liwe pana kuliko kuwa refu, kwa sababu mkono ulioanguka nje ya godoro humwamsha mtu. Nne, kitambaa kiwe kizito. Chepesi ni cha wabebao mizigo mgongoni milimani; sisi tunaosafiri kwa gari tunaweza kubeba uzito kidogo ili tupate uimara. Tano, liwe na viraka vyake na gundi yake. Likitoboka, lipitishe kwenye karai la maji ya sabuni utazame mapovu, kama fundi wa baiskeli atafutavyo pancha. Na hata likitoboka, sponji hubaki. Hutalala vizuri, lakini hutalala juu ya udongo mtupu.

Kulitumia nako kuna adabu zake. Zoa miiba kwanza, kisha tandika turubai au mkeka chini yake. Lifungue mapema, baada ya magharibi, lipate kuvuta hewa kwa utulivu. Pumzi ya kumalizia iwe kidogo, na kama upo mfuko wa kupulizia uutumie huo, kwa kuwa pumzi ya mdomo ina unyevu unaoozesha sponji. Ukishalala, toa hewa kidogo mpaka mwili uzame kiasi. Godoro gumu kama ngoma halipumzishi. Nyumbani lihifadhi limekunjuliwa na kilango kiwe wazi, lisisahau kutanuka. Kabla ya kulala likung'ute kwa nguo, kama alivyotuelekeza Mtume (s.a.w.) tuyakung'ute matandiko yetu kwa kuwa hatujui kilichoingia tulipokuwa hatupo, aliyewahi kumwona nge wa kule haulizi hekima yake. Na msiswalie juu yake. Kwetu Mashafi, paji la uso litulie kwa uzito mahali pa kusujudia, na godoro lililojaa upepo humrudisha mtu juu. Msala utandikwe chini.

Kuna aliyetuuliza, na swali lake ni la haki: je, hii si anasa? Mtume wetu (s.a.w.) alilalia mkeka hadi alama zake zikaonekana ubavuni mwake, na Sayyidna Umar (r.a.) akalia alipoziona. Tandiko lake, kwa riwaya ya Bibi Aisha (r.a.), lilikuwa la ngozi lililojazwa nyuzi za mtende, kama wazee wetu walivyolalia magodoro ya makumbi na ya sufi. Tunakiri kwamba swali hili lilituzuia dukani kwa muda. Lakini tulikumbuka kwamba zuhudi ni mtu kuacha kilicho chake. Anayekwenda safari bila tandiko huku akijua kwamba mwenyeji atampa lake, huyo amefanya zuhudi kwa mgongo wa mwingine. Na Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nahl ametuhesabia miongoni mwa neema zake zile nyumba za ngozi zilizo nyepesi siku ya kuhama na siku ya kutua, na vyombo vitokanavyo na sufi na manyoya. Kitu chepesi cha safari kinachomhifadhi mja na baridi kimetajwa mahali pa shukrani, si mahali pa lawama.

Julai iliyopita tulirudi Buna mara ya tatu. Tulibeba magodoro matatu: la kwetu wawili wawili, na la tatu la ayeyo. Tulimkabidhi jioni mbele ya wajukuu zake. Alikizungusha kile kilango, akaliona linainuka peke yake, akataja jina la Mungu. Watoto wakaomba lifungwe lifunguliwe tena, mara nne.

Usiku ule tulipokuwa tunatandika, akaja na ngozi zake. Tulianza kumzuia, tukidhani mambo ni yale yale. Alitusukuma kando kwa upole, akainua magodoro yetu, akaziweka ngozi chini yake, moja huku na moja huku, manyoya yakielekea juu. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kichache: "Mwiba." Hapo tukaikumbuka ile hesabu ya kujumlisha. Ngozi iliyozuia mwiba ilikuwa pia inaongeza joto. Elimu tuliyoinunua na elimu aliyozaliwa nayo zililala pamoja, moja juu ya nyingine. Mama watoto alitazama nje kwa wasiwasi, lakini safari hii mwenyeji alikuwa na pa kulala. Usiku ule tulilala, na tulipoamka hakuna aliyekuwa juu ya gunia.

Kabla ya Ramadhani mwanafunzi wetu alitupigia simu kwa salamu. Tulimuuliza kama mama yake bado anapata usingizi mzuri juu ya godoro lile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Maalim, naomba radhi. Halilalii. Alilala siku mlizokuwapo, kwa heshima yenu. Mlipoondoka alilikunja akalitundika juu. Akija mgeni ndipo hulishusha."

Tunakiri kwamba neno lile lilituuma kwanza. Tulimchagulia yeye, kwa nyonga zake na umri wake. Tukaweka simu chini tukamweleza mama watoto, tukidhani naye atasikitika. Yeye alitabasamu. Akasema: "Na yeye je, analala wapi akija mgeni?"

Tulipiga simu tena kuuliza. Analala juu ya ngozi zake mbili.

Basi, wasomaji wetu, mnapofunga mizigo ya safari, iwe ya kaskazini, ya mlimani, au ya kulala wazi Muzdalifa kwa atakayejaaliwa, chagueni vizuri cha kulalia, wala msione haya kukijaribu dukani. Na mkirudi salama, litazameni tandiko lile, mjiulize ni nyumba gani mnayoijua ambayo haina la tatu.

Mwenyezi Mungu atujaalie wageni wema na wenyeji wema. Wabillahi taufiki.